Barafu Isiyonuka Samaki

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wananchi wote wa Bwera, Mpondwe na vitongoji vyake kwamba Shirikisho la Michezo ya Barafu la Uganda Magharibi limezinduliwa rasmi, na kwamba mimi, Ednah Kabugho, mwanafunzi wa kidato cha pili, nimechaguliwa kuwa rais wake bila kupingwa.

Sikupingwa kwa sababu mpiga kura mwingine alikuwa binamu yangu Kathembo, naye wakati wa kura alikuwa amelala. Shirikisho letu lilikuwa na wanachama wawili, kigari kimoja cha mbao, na barafu ya kujaza beseni moja. Barafu yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama, na juu yake walilala samaki.

Mama yangu, Mackline, huuza ngege katika soko la Bwera. Kila asubuhi samaki hao hufika kutoka Kasenyi, kwenye Ziwa George, wakiwa wamepangwa ndani ya sanduku lenye barafu iliyopondwa. Wakati wa likizo kazi yangu ya kwanza, kabla hata sijanawa uso, ni kulipokea sanduku hilo kutoka kwa mtu wa bodaboda na kumwaga maji yaliyoyeyuka. Kwa hiyo barafu naijua kwa vidole, na zaidi naijua kwa pua. Siku moja nilimtumbukizia Kathembo kipande kizima ndani ya kola ya shati nikamwambia ni mazoezi rasmi ya kuzoea baridi. Jumapili iliyofuata paka alimfuata mpaka ndani ya kanisa, akakaa naye hadi wakati wa sadaka.

Lakini barafu niliyoitaka mimi haikuwa hiyo.

Nasoma shule ya bweni karibu na mji wa Kasese. Dirisha la bweni letu linatazama milima ya Rwenzori, na mara nyingi huoni kitu ila mawingu. Halafu inakuja asubuhi moja baada ya mvua, hewa imeoshwa, na kule juu kabisa, juu ya migomba na misitu, unaona weupe. Si mwingi. Ni kama chumvi iliyomwagika ukingoni mwa sahani. Wasichana wengine wanapanga foleni ya kuoga, nami nasimama na beseni langu mkononi mpaka matroni aniite kwa jina la baba. Wenzangu walidhani natafuta njia ya kutoroka. Kweli nilikuwa naitafuta, ila si ile waliyoidhania. Kabla kengele ya uji haijalia, mawingu huwa yamekwisha kufunika kila kitu.

Nikirudi Bwera siuoni kabisa weupe huo. Vilima vyetu wenyewe vinauficha.

Mjomba Yowasi, kaka yake mama, ni mwongozaji wa wapanda milima. Yeye ameigusa theluji mara nyingi kuliko nilivyogusa embe. Alipotutembelea mwanzoni mwa likizo nilimbana kwa maswali mpaka chai yake ikapoa.

"Inapungua," alisema. "Pale nilipokuwa navaa viatu vya meno ya chuma vya kukanyagia barafu nikiwa kijana, leo ni mwamba mtupu."

"Nikimaliza shule itakuwa bado ipo?"

Mjomba alimalizia ile chai iliyopoa. "Soma haraka," akasema.

Kisha akatoa simu yake akatuonyesha watu wawili wakikimbia huku wakisukuma kigari chenye umbo la mtumbwi. Walirukia ndani na kuteleza kwenye mfereji mrefu wa barafu, wakipinda kulia na kushoto kwa kasi iliyonifanya nimshike Kathembo mkono. Mjomba alisema mpanda mlima mmoja wa Ulaya, aliyewahi kushiriki mchezo ule, alimsimulia kwamba timu zinazoshindana huazimana hata vyuma vya vigari. Mwenzako akiharibikiwa, unampa chako, kisha unajaribu kumshinda.

"Wana wazimu," nikasema.

"Labda," akajibu mjomba. "Sasa sikilizeni. Sisi waongozaji tutafanya mashindano ya vigari kwenye barabara ya mlimani, juu ya Kilembe. Watoto wawili wawili. Mmoja anaongoza, mmoja anasukuma. Watakaoshinda tutawapandisha mpaka ukingoni mwa barafu."

Kathembo aliomba simu atazame tena. Mimi, siku hiyohiyo, nikaunda Shirikisho.

Kigari tulikuwa nacho tayari. Huku mpakani watu husafirisha mizigo kwa chukudu, kigari cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani kama wa baiskeli, ila hakina kiti wala pedali. Kathembo, ambaye ana miaka kumi na mitano na mabega ya mtu mzima, hutumia likizo nzima kusukuma magunia ya maharagwe kutoka mpakani hadi sokoni kwa chukudu ya marehemu baba yake. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Ukikikanyaga, kinabana gurudumu na kigari kinasimama. Na ekseli zake hupakwa mawese. Hapa kwetu mawese huvuka kutoka Kongo kwa madumu, na kila msukuma chukudu huyapaka kwenye magurudumu kama vile mama anavyoyatia kwenye mboga. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Tulifanya mazoezi kila jioni kwenye mteremko wa nyuma ya soko. Mimi nilipiga magoti mbele nikishika usukani, Kathembo akasukuma na kurukia nyuma. Wasukuma chukudu waliokuwa wanapumzika walitucheka.

"Ednah, unakimbilia wapi, mutoto?" aliuliza mmoja.

"Naenda kwenye barafu, mzee."

"Barafu iko kwa mama yako hapo, bila jasho."

Tulifika juu ya Kilembe asubuhi ya mashindano tukiwa nyuma ya pikapu ya mjomba, tumeikumbatia chukudu yetu ili isiruke. Kulikuwa na baridi ambayo Bwera haijawahi kuiona. Pumzi zetu zilitoka kama moshi wa jikoni. Kathembo, kwa heshima ya siku yenyewe, alizimiminia ekseli mawese mara mbili ya kawaida.

Timu ya Hima ilikuwapo, na ya Katunguru, lakini iliyonitia wasiwasi ilikuwa ya kambi ya jeshi ya Kasese. Walikuwa Tonny, mvulana mrefu asiyesema sana, na Shakira, msichana wa umri wangu aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Kocha wao alikuwa baba yake Tonny, Sajini Enoka, ambaye hata salamu yake ilikuwa amri.

"Nyinyi wa Bwera. Toeni miguu barabarani."

"Ndiyo, Afande," nikasema, nikapiga saluti kwa mkono wa kushoto. Aliniona. Hakucheka.

Shakira aliizunguka chukudu yetu mara moja. "Hiki kigari kimekuja kushindana au kimekuja kuuza maharagwe?"

"Kimekuja kuwaonyesha wanajeshi njia."

"Mbona kinanukia mboga?"

"Hiyo ni harufu ya ushindi. Hujawahi kuinusa, ndiyo maana huifahamu."

Mjomba Yowasi alitangaza masharti. Kila timu ingeshuka mara mbili, na muda wa safari zote mbili ungejumlishwa. Na asiye na breki hashuki, kwa kuwa chini kulikuwa na daraja jembamba, na chini ya daraja kulikuwa na mawe makubwa ya mto.

Safari yetu ya kwanza naomba niieleze kwa ufupi. Kathembo alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikatokeza, akarukia nyuma, na chukudu ikashuka mlima kwa mwendo wa bibi harusi. Magurudumu yalilia njia nzima. Kuku mmoja alitupita. Timu ya Hima, ambayo ilimalizia ndani ya shamba la migomba, ilikuwa na muda mzuri kuliko wetu. Timu ya kambi ilishuka kama jiwe lililorushwa, ikaongoza.

Tuliivuta chukudu kurudi juu. Nilitazama upande wa mlima. Mawingu yalikuwa yameshuka na sikuona chochote, ila nilijua kilichokuwa nyuma yake, nami nilihisi kama mtu anayefungiwa mlango taratibu.

Shakira alikuja akachuchumaa kando ya gurudumu letu. Aligusa ekseli kwa kidole, akakitazama kidole, akakinusa.

"Haya ni mafuta ya kupikia."

"Ni mafuta ya magurudumu," akasema Kathembo.

"Yameganda. Ona, yamekuwa kama mshumaa."

Kathembo aliinama akatazama. Mawese ambayo huko Bwera hutiririka mchana kutwa yalikuwa yameshika ekseli kama saruji nyekundu. Katika miaka yote ya kusukuma mizigo, si yeye wala baba yake aliyewahi kuipandisha chukudu mahali penye baridi. Aliyakwangua kwa ukucha, na masikio yake yakawa mekundu kuliko mawese.

Shakira alicheka, tena kwa sauti. Halafu akaondoka, na aliporudi alikuwa na kopo la grisi na kitambaa.

"Futeni yote kwanza," akasema. "Kisha mpake hii."

Nilinusa lile kopo. "Umetia mchanga?"

"Ningetaka mshindwe, ningekaa kimya."

Nilichukua kitambaa. Sajini Enoka alikuwa amesimama nyuma yetu. "Grisi hiyo ya nani?"

"Yetu, Afande," akasema Shakira.

"Basi wapakeni vizuri. Msiwape nusu kazi. Tonny, shika gurudumu."

Wakatupakia grisi, wote wawili, mikono yao ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Safari yetu ya pili sikumbuki kama kulikuwa na miti. Nakumbuka upepo ulioingia mdomoni, usukani uliotetemeka, na sauti ya Kathembo nyuma yangu ikisema, "Kushoto, kushoto, acha, sasa." Tulipovuka daraja alikanyaga breki, tairi likanuka moto, na chukudu ikasimama mita chache tu kutoka kwa mjomba. Alitazama simu yake, akaitazama tena.

"Mnaongoza," akasema. "Imebaki timu ya kambi peke yake."

Mjomba aliitwa juu, nasi tukapanda naye kwa pikapu pamoja na chukudu yetu, na tulipofika tulimkuta Tonny amepiga magoti. Alikuwa anaijaribu breki yao kabla ya kushuka, na kipande cha tairi kilikuwa kimepasuka katikati. Nusu moja ilining'inia kwenye msumari, nusu nyingine alikuwa nayo mkononi.

"Asiye na breki hashuki," mjomba alisema kwa upole. "Poleni, wanangu."

Shakira aligeuza uso akatazama bondeni. 

Mimi tayari nilikuwa nimeanza kuwaza soksi. Soksi ngapi huvaliwa juu ya barafu? Nilijiona nimesimama ukingoni, nimeinama, nimeweka kiganja chote juu ya weupe ule, nimekiacha hapo mpaka kife ganzi. Niliwaza ingekuwa na harufu gani. Niliwaza kuamka bwenini muhula ujao, nitazame dirishani na kusema moyoni: pale, nimefika pale.

Ndipo nikasikia chuma kikigonga ubao. Kathembo alikuwa ameinamia chukudu yetu na ncha ya panga, anang'oa misumari ya breki.

"Unafanya nini?"

"Natoa breki."

"Ya nani?"

"Yetu. Sisi tumeshashuka."

Nilikaa juu ya gurudumu la nyuma, juu ya breki yenyewe. "Rais wa Shirikisho amekataa."

"Rais anyanyuke."

"Kathembo," nikamnong'oneza, "hiyo ni barafu. Tunaipata. Tukae tu kimya."

Alinitazama. Hakuwa amekasirika. "Shakira angekaa kimya, tungekuwa tumeshashindwa," akasema. "Na hawa wakibaki wamekaa hapa juu, tutakuwa tumemshinda nani?"

Naomba iandikwe kwamba nilinyanyuka. Ikiandikwa pia kwamba nilinyanyuka polepole sana, sitapinga.

Alikibeba kile kipande cha tairi akampelekea Tonny, na kwa kuwa tundu za misumari hazikulingana, akampigilia yeye mwenyewe, akitumia jiwe. Sajini Enoka alisimama wima muda wote huo. Kathembo alipomaliza, Sajini alimpigia saluti, kwa mkono wa kulia.

Mjomba alirudi nasi chini kwa pikapu, kisha wakashuka. Mjomba alijumlisha muda mara mbili, kisha akamwomba dereva wa pikapu ahakikishe. Timu ya kambi ilikuwa imetushinda kwa muda usiotosha hata kupiga chafya.

Macho yangu yaliingia vumbi. Najua, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa tope tupu. Hata hivyo yaliingia vumbi.

Tulipokuwa tunapakia chukudu, Kathembo alimwendea Tonny. Alitoa kitu mfukoni, kofia ya sufu ya rangi ya kijani, ile ya mitumba inayofunika masikio.

"Huko juu kuna baridi," akamwambia. "Chukua."

Sikujua kwamba ana kofia. Aliinunua lini, na alikuwa akiitoa na kuitazama mara ngapi peke yake? Wiki zote zile nilidhani mimi ndiye niliyetaka kwenda, na yeye alikuwa anasukuma tu. Njia nzima ya kurudi Bwera sikumfanyia mzaha hata mmoja, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Siku zilizofuata nilipokea sanduku la samaki kama kawaida. Nikimwaga maji yaliyoyeyuka, nilijiuliza wako wapi sasa, wamefika kwenye msitu wa mianzi au kwenye kinamasi, wanavaa nini. Asubuhi moja, kwa kuwa sokoni hapakuwa na mtu, niliinamisha uso wangu ndani ya barafu na kufumba macho. Kwa sekunde moja nilikuwa mlimani. Kisha nikavuta pumzi, na walikuwa ngege.

Jumapili moja mchana pikapu ya mjomba ilisimama mbele ya nyumba yetu. Walishuka Shakira na Tonny, nyuso zao zimebabuka kwa jua, na Tonny alikuwa amevaa kofia ya kijani ingawa Bwera kulikuwa na joto la kukaangia karanga. Shakira alikumbatia chupa ya chai, ile kubwa ya bati yenye maua.

Mama aliwakaribisha kama watoto wake. Tulikula ngege kwa mchuzi wa karanga, na nilingoja mpaka adabu iliponiishia.

"Kulikuwaje?" nikamwuliza Shakira.

Aliweka mfupa wa samaki kando ya sahani. "Kimya," akasema. "Halafu ukitega sikio, inalia chini yako. Tik. Tik. Inayeyuka hata ukiwa umesimama unaitazama. Tonny alivua glavu akaishika, akakataa kuiachia."

"Tuliijaza hii chupa," akasema Tonny. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema sentensi nzima. "Barafu yenyewe. Tukaibeba siku zote za kushuka. Ni yenu."

Shakira alifungua kifuniko. Sote tuliinama kutazama. Yalikuwa maji.

"Mpaka jana kilibaki kipande," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikisikia kikigonga."

"Maji yake ndiyo hiyo barafu," akasema mama. "Ednah, lete vikombe, kila mtu anywe."

Mimi, mtoto mwenye adabu, nilisema vikombe vina vumbi, niiachiwe chupa nikamimine jikoni ili tusimwage hata tone. Nilirudi nikiwa nimeshika chupa kwa mikono miwili, na vikombe juu ya sinia.

"Mbona umekawia?" aliuliza mama.

"Nilikuwa navisuuza."

Nikawamiminia. Mjomba Yowasi alifumba macho akanywa. "Huu ndio mlima," akasema. Mama alisema yana utamu wa mawe. Tonny alivua kofia kwanza. Mimi nilisema nina mafua, wao wanywe tu.

Kathembo alishika kikombe chake kwa mikono yote miwili. Alikunywa kidogo, akangoja, akanywa kidogo tena, kama mtu asiyetaka kifike mwisho. Niliangalia kando. Wakati huo ndipo utani wangu ulipoacha kunichekesha.

"Kathembo," akasema Shakira, na macho yake yalikuwa yanang'aa, "sasa ipindue chupa. Mna kitu chako ndani."

Kathembo aliipindua chupa juu ya kiganja. Lilitoka tone moja. Akaitikisa. Hakikutoka kitu.

"Mna jiwe," akasema Shakira. "Jiwe dogo jeusi. Tonny alilitoa penye ukingo wa barafu, mahali palipokuwa pamefunikwa mpaka mwaka huu. Tulilitia humo kwa ajili ya yule aliyetupatia breki. Asubuhi lilikuwamo, lilikuwa linagonga njia nzima."

 Mama hakuitazama chupa. Alinitazama mimi.

"Ednah," akasema. "Tumekunywa nini?"

Nimewahi kumdanganya matroni, mwalimu wa zamu na askari wa getini, wote katika jioni moja. Mbele ya kiganja kile kitupu cha Kathembo sikuweza.

"Maji ya dumu," nikasema. "Lile la jikoni."

Mjomba Yowasi alikitazama kikombe chake kwa huzuni kubwa.

Nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku langu la bati la shule, na kutoka chini ya shuka nikatoa chupa yangu ya plastiki. Ndani yake kitu kiligonga. Nilipokuwa nayahamisha jikoni nilisikia mlio huohuo, nikadhani ni kipande cha mwisho cha barafu, na moyo wangu ukaruka. Niliiweka mezani mbele ya wote.

Mama hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Kutamani si kosa, mwanangu," akasema. "Nilikuona siku ile umeingiza uso kwenye sanduku la samaki. Nilijua unatafuta nini. Lakini tazama watu waliokaa hapa. Huyu aliona wapinzani wake wamekwama akawapa grisi. Huyu alikuwa ameshashinda akang'oa breki yake. Huyu alibeba barafu mgongoni akijua itayeyuka, ili wenzake walioshindwa waonje. Hakuna kati yao ambaye hakutaka ushindi. Wote waliutaka. Ila kila mmoja alikumbuka kwamba anayeshindana naye anaitamani barafu ileile. Wewe ulikumbuka hamu yako peke yake."

Kathembo alifungua chupa, akayamimina maji ndani ya vikombe, kidogo kidogo, kikombe kimoja baada ya kingine, mpaka jiwe likaanguka kiganjani mwake. Lilikuwa jeusi, dogo kama punje ya mahindi. Kisha akaleta kikombe cha sita, akakitia maji, akakisogeza mbele yangu.

"Uliyanywa?" aliniuliza.

"Hata tone."

"Uliyaiba, halafu hukuyanywa?"

"Niliogopa yataisha."

Hakuna aliyecheka. Shakira alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa.

Basi mimi, Ednah Kabugho, naungama mbele ya wananchi wote wa Bwera, Mpondwe na vitongoji vyake kwamba niliwanywesha wageni maji ya dumu, na kwamba nilikalia breki nikiwa na nia ya kuendelea kuikalia. Urais nimeuacha, na safari hii Kathembo amepiga kura akiwa macho. Jambo la mwisho ninaloungama ni hili: nilikunywa kikombe kile nikiwa nimebanwa kati ya Shakira na Kathembo, na maji yake yalikuwa na ladha ya jiwe. Nilinusa mara mbili kuhakikisha. Hayakunuka samaki.